Pesa zilianza kutumika, uthibitisho ukafuata nyuma

Sisi waandishi wa programu tuna tabia ya kuachilia kitu kitumike, kisha tutafute kama ni salama. Wasomaji, tabia hiyo iliwahi kuingia hata kwenye pesa.

Mwaka 1982 Mmarekani David Chaum alibuni sahihi pofu. Chukua noti uliyoiandika nambari mwenyewe, itie kwenye bahasha pamoja na karatasi ya kaboni. Benki inatia sahihi juu ya bahasha na kukata pesa kwenye akaunti yako. Ukifungua, sahihi imepenya hadi kwenye noti, na nambari benki haikuiona. Dukani benki itaitambua noti yake, wewe haitakutambua. Kwenye tarakilishi bahasha ni hesabu ya RSA tu: unazidisha kwa nambari ya kubahatisha, baadaye unaiondoa.

Kampuni yake, DigiCash ya Amsterdam, iliiuza kama ecash, na mwaka 1995 Mark Twain Bank ya St. Louis ikaanza kuitoa kwa dola halisi. Je, nani alikuwa amethibitisha kwamba mteja hawezi kujitengenezea noti ya ziada? Hakuna!

Hata swali lenyewe lilikuwa gumu kuliuliza. Kwa kawaida kughushi ni kupata sahihi juu ya ujumbe ambao mwenye sahihi hakuukubali. Hapa benki haioni ujumbe wowote, sasa utasema noti ipi ni bandia? David Pointcheval na Jacques Stern walijibu mwaka 1996: hesabu noti. Aliyeomba sahihi 10 asitoke na 11. Rahisi hivyo, ukishaambiwa.

Uthibitisho wao ulihusu ukoo mwingine, wa Schnorr, na ulisimama tu ikiwa sahihi zilizotolewa ni chache mno. RSA ya Chaum ilipata wake mwaka 2001, tena kwa kuegemea dhana iliyobuniwa kwa kazi hiyo hiyo (mimi naona ni kama kujidhamini mwenyewe). DigiCash ilikuwa imefilisika tangu 1998.

Na lile sharti la uchache? Halikuwa woga wa wanahesabu. Mwaka 2020 Fabrice Benhamouda na wenzake wanne walionyesha kwamba kwa funguo za biti 256 za ukoo wa Schnorr, ukifungua maombi 256 kwa pamoja unaondoka na sahihi 257, na tarakilishi ya kawaida inatosha.

RSA ya Chaum haikuguswa na shambulio hilo, kwani benki hujibu mara moja tu na haina maombi ya kuchanganywa. Mwaka 2023 sahihi pofu za RSA ziliandikiwa waraka wa kiufundi wa intaneti, RFC 9474.