Nani Aliuandika Wizi wa Havlicek?

Shuleni nilicheza mpira wa kikapu miaka miwili, na daftari la mwalimu wa michezo linanikumbuka kwa makosa tu. Lilikuwa na safu mbili: pointi na faulo. Mimi sikuwa mfungaji. Kazi yangu ilikuwa kuvizia pasi, kunyoosha mkono, kuchopoa mpira na kumrushia mwenzangu aliyekwisha kimbilia mbele. Yeye anaandikwa pointi mbili. Mimi, siku mkono ukichelewa, naandikwa faulo.

Ndiyo maana nikifungua takwimu za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, siendi kwa wafungaji. Naenda moja kwa moja kwa wezi. Wamarekani wenyewe wameuita wizi. Kwetu wengine husema kupora, wengine kupokonya. Mimi nashikilia kuchopoa. Mporaji hutumia nguvu, na mchezaji huyu akitumia nguvu filimbi inalia. Silaha zake ni jicho na ncha za vidole.

Kileleni mwa orodha amekaa John Stockton, mlinzi wa Utah Jazz, mtu mwembamba ambaye ungepishana naye sokoni usigeuke. Alicheza misimu 19, kuanzia 1984 hadi 2003, yote katika timu hiyo moja, akachopoa mipira 3,265. Wahenga walisema za mwizi arobaini. Huyu bwana hakuwasikia. Hebu piga hesabu: chopoa mipira 200 kila msimu kwa miaka 16 mfululizo, na bado hujamfikia. Jason Kidd aliishia 2,684. Chris Paul alimpita Kidd na kuchukua nafasi ya pili, naye amebaki nyuma ya Stockton kwa zaidi ya 500. Michael Jordan, ambaye dunia inamjua kwa kuruka na kufunga, ana 2,514.

Siri ya Stockton haikuwa maajabu ya usiku mmoja. Wastani wake ni mipira miwili na ushee kwa mechi, basi. Lakini alicheza mechi 1,504, na katika miaka yote 19 alikosa 22 tu.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima raha. Orodha hii ninayoisoma kama msahafu ina mwanzo, na mwanzo wake ni msimu wa 1973–74. Kabla ya hapo NBA haikuhesabu mipira iliyochopolewa. Ligi ilikwisha kuwepo kwa zaidi ya robo karne, watu wakachopoa mipira kila usiku, na hakuna aliyeandika. Kinara wa kwanza rasmi ni Larry Steele wa Portland, kwa wastani wa 2.68. Je, ndiye aliyekuwa fundi wa kwanza? Hapana. Ndiye aliyekuwepo kalamu ilipofika.

Mtazame Jerry West wa Los Angeles Lakers. Aliingia ligi 1960, na sifa ya mikono yake ilisambaa miaka mingi. Msimu wa kwanza wa kuhesabu ndio uliokuwa wa mwisho wake, tena akiwa majeruhi, akacheza mechi 31 tu. Akachopoa mipira 81, zaidi ya miwili na nusu kwa mechi, mguu mmoja ukiwa tayari nje ya mlango. Hiyo 81 ndiyo hesabu yake yote kwenye kitabu. Misimu 13 ya kabla yake haina hata nukta. Ukiisoma orodha bila kujua tarehe, utadhani West alikuwa mtu wa kupita njia.

Na wizi mashuhuri kuliko wote? Huo pia haumo. Tarehe 15 Aprili 1965, mechi ya saba ya fainali ya kanda ya Mashariki, Boston Celtics walikuwa mbele ya Philadelphia 76ers kwa 110–109, zimebaki sekunde tano. Bill Russell alikuwa ametoka kurusha mpira ukagonga waya unaoshikilia kikapu, kwa hiyo Philadelphia wakapewa nafasi ya mwisho. Hal Greer akarusha kutoka pembeni. John Havlicek, aliyekuwa amempa mgongo, akageuza shingo, akaunyooshea mkono ule mpira na kuusukumia kwa Sam Jones. Mchezo ukaisha. Mtangazaji Johnny Most alipiga kelele redioni hadi sauti ikapasuka, akirudia kwamba Havlicek kaiba mpira. Sauti ile bado inasikilizwa. Kwenye safu ya takwimu hakuna kitu.

Tangu kalamu ifike, wengine wamefaidi. Alvin Robertson wa San Antonio Spurs alichopoa mipira 301 katika msimu wa 1985–86, wastani wa 3.67, na hakuna mwingine NBA aliyewahi kufika 300 kwa msimu mmoja. Tarehe 18 Februari 1986, dhidi ya Phoenix, alipata pointi 20, ribaundi 11, pasi za mabao 10 na mipira 10 ya kuchopoa. Mara ya mwisho mchezaji kuvuka wastani wa mipira mitatu kwa msimu ilikuwa yeye tena, 1990–91. Kisha ukimya wa zaidi ya miaka 30, hadi Dyson Daniels, kijana wa Australia anayechezea Atlanta Hawks, alipochopoa mipira 229 msimu wa 2024–25.

Lakini hata kalamu ina upofu wake. Inaandika mkono uliopata, haiandiki mkono uliokosa. Anayerukia pasi akaikosa amewaacha wenzake wanne wakikabili watano, na kikapu kinachofungwa hapo hakiandikwi kwa jina lake. Namba kubwa inaweza kuficha mcheza kamari.

Na kuna usiku ambao namba haiwezi kuueleza. Tarehe 14 Juni 1998, mchezo wa sita wa fainali, Salt Lake City. Stockton mwenyewe amefunga mtupo wa pointi tatu, Utah wako mbele. Jordan anajibu: 86–85. Mpira unakwenda kwa Karl Malone karibu na kikapu, na Jordan anatokea nyuma yake, upande asiouona, anaugonga mpira kutoka mikononi mwake. Anapanda nao hadi upande wa pili na kufunga. 87–86. Stockton anapata mtupo wa mwisho, unakataa. Mfalme wa wachopozi alinyang'anywa ubingwa kwa mpira uliochopolewa mbele ya macho yake.

Picha iliyobandikwa kwenye kuta za dunia ni ile ya Jordan mkono juu, akifunga. Ya mkono ule wa nyuma ya Malone sijawahi kuiona ukutani kwa mtu. Hata kwa Jordan, mfungaji alimfunika mchopozi.

Namba za Stockton naziheshimu. Alizitolea jasho miaka 19. Ila nikifika chini ya orodha, huwa narudi juu na kuisoma tarehe ya mwanzo: 1973. Halafu namkumbuka Havlicek, shingo imegeuka, mkono hewani. Namkumbuka na mwalimu wetu pia, na safu zake mbili. Hakuwa mtu mbaya. Aliandika alichofundishwa kukiona.