KWAO LULU, MOROGORO KERO: STORI YA MBAO INAYOTUNZA SIGA ZA VIGOGO

Mwaka 1996 jijini New York, kisanduku kimoja cha mbao kilipigwa mnada kwa dola 574,500. Ndiyo, kisanduku! Si cha dhahabu, ni cha mbao ya walnati, cha kutunzia siga, zile sigara nene za kuviringishwa kwa mkono. Kilikuwa cha rais mmoja wa Marekani, alizawadiwa 1961 na mchekeshaji maarufu wa enzi hizo.

Mwaka uliofuata rais huyo huyo akapiga marufuku biashara na Cuba, siga zikiwemo. Msemaji wake alikuja kusimulia kwamba kabla ya kusaini, bosi alimtuma kwanza amtafutie siga za Cuba 1,000. Jamaa akarudi na 1,200. Kigogo akajihami, ndipo akashika kalamu!

Lakini uwe nazo hata 10,000, zikikauka habari imekwisha. Siga zinataka unyevu wa karibu asilimia 70, na hapo ndipo mbao inapoingia.

Wahispania walipofika Amerika walikuta mti unaonukia vizuri, wakauita "cedro" wakiufananisha na mwerezi. Walichemka. Jina lake la kitaalamu ni Cedrela odorata, na ukoo wake ni mmoja na mkangazi na mwarobaini. Mbao yake ni nyepesi, haiozi haraka, haipindi ovyo. Inanyonya unyevu na kuurudisha polepole, na harufu yake inawakera wadudu wanaotoboa tumbaku. Karne ya 19, Cuba ikaanza kufungasha siga zake kwenye maboksi ya mti huo, na mpaka leo mafundi hawajauacha.

Ndiyo maana anayejitengenezea kisanduku nyumbani anaweza kuweka mninga au mkangazi kwa nje, ila ndani anatandika mbao hii, kama milimita 6 hivi, bila vanishi. Akienda kununua anataja jina la kitaalamu, maana "sida" ya dukani inaweza kuwa mti wowote. Ananusa. Anahakikisha imekauka vizuri, la sivyo itatoa utomvu unaonata na siga zitaharibika. Msonobari haugusi kabisa, harufu yake inaingia kwenye tumbaku.

Sasa kasheshe. Kwao Amerika mti huu umekatwa mno, hadi mwaka 2020 mkataba wa kimataifa wa CITES ukabana biashara yake: mbao haivuki mpaka bila kibali.

Huku kwetu ni kinyume! Uliletwa kupandwa, na katika msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, umesambaa mpaka unasonga miti ya asili. Humo ndimo anamoishi yule mjusi mdogo wa bluu asiyepatikana nje ya misitu michache ya Morogoro. Wahifadhi wamehangaika kuung'oa.

Yaani mti mmoja, bara moja unalindwa usiishe, bara lingine unapigwa vita usienee. Ila usikimbilie Kimboza na msumeno, ile ni hifadhi ya serikali na kibali ni lazima.

Swali kwenu wadau: mbao ya kero hii ingepata soko halali, ingeusaidia msitu au ingewapa watu sababu ya kuupanda zaidi? Dondosha maoni hapo chini.