Simba Asiye wa Fedha

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya kopo la kahawa. Niko likizo Bunda kwa baba mdogo. Ndani ya kopo mna herufi tatu za shaba, K.A.R., za kuvaa begani, pamoja na nishani moja ya duara. Ni mali ya marehemu babu, askari wa Keya.

Mnunuzi mmoja kutoka Musoma alikuwa ameshataja bei. "Hii ni fedha tupu bwana, kwani simba hamumwoni?" Baba mdogo alikuwa tayari kuuza, maana binti yake anadaiwa ada. Mimi nikaomba siku mbili nisome kwanza.

Kumbe Waingereza wana desturi ya kale: kitu cha fedha hupimwa, kisha kikagongwa chapa. Tangu 1544 simba anayetembea ndiye shahidi. Siku hizi maana yake ni sehemu 925 za fedha katika 1,000. Nanga ni ya Birmingham, kichwa cha chui ni cha London, na herufi hutaja mwaka. Chapa hizo ni ndogo, sharti ukaze macho.

Simba wetu alikuwa mkubwa, kasimama juu ya joka la vichwa viwili, pamoja na miaka 1939 na 1945. Hiyo si chapa, ni picha tu! Upande wa pili yupo Mfalme George VI. Ni nishani ya vita ile, ya shaba iliyochanganywa na nikeli.

Lakini kukosa chapa nako si hoja. Nishani waliyopewa askari wa vita vya 1914–18 ilikuwa ya fedha, haina simba wa sonara, ila ukingoni iliandikwa namba na jina la mwenyewe. Nikageuza ukingo wa ile ya babu. Mtupu! Vita vya pili Uingereza haikuandika majina.

Hapo ndipo paliponichoma. Jenerali David Musuguri wa Butiama aliingia Keya 1942, akaenda Madagaska, akawa Mkuu wa Majeshi 1980 hadi 1988. Alipofariki 2024 nchi nzima ilijua. Je, wale walioishia ukoplo? Ikishatoka koponi, nishani ya babu inakuwa ya mtu yeyote.

Mnunuzi aliposikia habari ya nikeli, bei ikashuka hadi ya soda. Baba mdogo akacheka kwa uchungu, akauza mbuzi wawili, ada ikalipwa. Nishani nimeifunga na karatasi yenye jina la babu na kijiji chake.

Na kwenu je, hakuna kopo? Geuza, soma, uliza wazee. Kisha andika jina kabla mnunuzi hajapiga hodi.