Mikono iliyofuata njia ya kaboni ndani ya jani

Mwanafunzi wa kidato cha tano anayekariri mzunguko wa Calvin, yaani njia ambayo kaboni hupita ndani ya jani hadi kuwa sukari, kwa ajili ya mtihani wa biolojia hukutana na jina la mtu mmoja tu. Nyuma ya jina hilo kuna zaidi ya miaka 14 ya kazi ya watu wengi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Baadhi yao walitoka mikono mitupu.

Kwamba mmea huhitaji mwanga ili kuisafisha hewa lilijulikana tangu mwaka 1779, kwa majaribio ya daktari Mholanzi Jan Ingenhousz. Wanasayansi waliofuata walithibitisha kuwa jani huchukua kaboni dayoksaidi na maji, likatengeneza sukari na kuachia oksijeni. Fumbo lilikuwa katikati: kaboni ikishaingia kwenye jani, inageuka kitu gani kwanza? Mabadiliko hayo hupita kwa sekunde chache, na kaboni mpya haitofautiani hata kidogo na ile iliyokuwamo tangu awali. Ilihitajika kaboni yenye alama.

Sam Ruben na Martin Kamen, wakemia vijana wa Berkeley, walianza na kaboni 11, aina nururifu ambayo nusu yake hutoweka kila baada ya dakika 20 hivi. Jaribio lilikuwa mbio: kabla jibu halijapatikana, alama imefifia. Februari 1940 wakapata kaboni 14, ambayo hupungua nusu baada ya miaka ipatayo 5,700. Hapo mlango ulifunguka, lakini wao wawili hawakuupita. Vita Kuu ya Pili ilimwingiza Ruben katika utafiti wa fosijini, gesi ya sumu. Septemba 1943 gesi hiyo ilimfikia katika ajali ya maabara, naye akafariki akiwa na miaka 29. Mwaka uliofuata Kamen alifukuzwa kazi kwa tuhuma za kiusalama, na kwa miaka mingi akapambana kulisafisha jina lake.

Kabla ya kufa, Ruben alikuwa amemkabidhi akiba yake ya kaboni 14 mkemia mwenzake, Andrew Benson. Vita vilipokwisha, Melvin Calvin alipewa jukumu la kuongoza utafiti huo, naye mwaka 1946 akamwita Benson aje kuiandaa maabara. James Bassham akajiunga nao akiwa mwanafunzi.

Jaribio lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu. Mwani wa kijani, ule wa chembe moja moja, uliwekwa ndani ya maji kwenye chombo cha kioo kilicho bapa na duara, chenye umbo la pipi ya kijiti, kikamulikwa na taa pande zote mbili. Kaboni dayoksaidi yenye alama iliingizwa, zikahesabiwa sekunde, kisha bomba la chini likafunguliwa na mwani ukamwagikia kwenye alkoholi ya moto. Ulikufa papo hapo, na kila kilichokuwa kikiundwa kikasimama pale kilipofika. Tone la mchuzi wake liliwekwa kwenye pembe ya karatasi ya kuchujia. Kimiminika kilichopanda karatasini kiliyatawanya yaliyomo upande mmoja. Kisha karatasi ikageuzwa, kimiminika kingine kikayatawanya upande wa pili. Mwisho, filamu ya eksirei ililazwa juu yake na kuachwa kwa siku kadhaa. Palipokuwa na kaboni 14, filamu ilipata doa jeusi.

Mwani ulioachwa dakika nzima ulitoa madoa mengi. Ule wa sekunde chache ulitoa doa moja lililoyashinda mengine yote: asidi ya fosfogliseriki, yenye kaboni 3. Wengi wangedhani basi mpokeaji wa kaboni ana kaboni 2, na kundi hilo lilimtafuta kwa muda mrefu bila kumwona. Kumbe ana kaboni 5. Sukari hiyo hupokea kaboni moja, zikawa 6, kisha hupasuka vipande viwili vya kaboni 3. Kwa kila kaboni dayoksaidi tatu zinazoingia, hupatikana vipande sita. Kimoja ndicho faida ya mmea, na vitano huungwa upya viwe wapokeaji watatu. Mzunguko kamili ulichapishwa mwaka 1954.

Kazi ya kuinasa kaboni dayoksaidi hufanywa na kimeng'enya rubisko, ambacho ni cha polepole mno na mara nyingine hunasa oksijeni kwa makosa. Ndiyo maana muwa, mahindi na mtama zina hatua ya ziada inayoirundika kaboni karibu na rubisko, njia ambayo Hal Hatch na Roger Slack waliieleza mwaka 1966 huko Brisbane, Australia.

Mwaka 1961 Calvin alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia peke yake. Alikuwa kiongozi mwenye fikra kali, na sidhani kama kuna anayembishia heshima yake. Lakini Benson ndiye aliyeijenga maabara na kuyasimamia majaribio yale, na mwaka 1954, mzunguko ulipokuwa umekamilika, Calvin alimtaka aondoke. Naiona hiyo kuwa dhuluma. Benson aliendelea na utafiti wa mafuta ya mimea na viumbe vya baharini, hatimaye katika taasisi ya Scripps, na alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 97. Siku hizi vitabu vingi vya chuo kikuu huandika mzunguko wa Calvin na Benson, na vingine huongeza jina la Bassham.