Nyumba Kwanza, Ramani Baadaye: Jinsi Kinondoni na Temeke Zilivyojengeka

Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji kwa aina ya nyumba. Penye majengo ya mawe ya Kizungu hapakuruhusiwa kibanda cha fito na makuti. Waingereza waliporithi koloni baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliuendeleza mgawanyo huo, na watu wa mji wakaupa majina yao wenyewe: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo, mtaa ulioitwa hivyo kwa sababu ya kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, uliachwa uwazi wa Mnazi Mmoja. Kwa maafisa wa afya wa wakati huo uwazi ule ulikuwa kinga dhidi ya maradhi. Kwa Waafrika ulikuwa mpaka.

Maeneo ambayo leo ni Kinondoni na Temeke hayakuwa na nafasi kubwa katika ramani hizo. Yalikuwa mashamba ya minazi, mikorosho na mihogo, yenye vijiji vya Wazaramo na wavuvi kama Msasani, Mwananyamala na Mbagala. Hata Oysterbay, inayohesabiwa leo ndani ya Kinondoni, ilianza kupangwa kwa ajili ya maafisa wa Kizungu katika kipindi cha kati ya vita vikuu viwili. Mwananyamala, isiyo mbali na hapo, ilibaki bila mchoro.

Mambo yalibadilika baada ya Vita vya Pili. Mji ulijaa watu kutoka bara na vyumba vya Kariakoo vikazidiwa. Serikali ya kikoloni iliagiza mpango kutoka kampuni ya wahandisi ya Sir Alexander Gibb, nao ukakamilika mwaka 1949. Ndipo Magomeni, Temeke na sehemu za Kinondoni zilipopimwa viwanja kwa ajili ya Waafrika, zikachorwa barabara zilizonyooka, na serikali ikajenga zile nyumba za mfululizo ambazo hadi leo wazee huziita kota. Nyumba ambayo Julius Nyerere aliishi baada ya kuacha ualimu mwaka 1955 iko katika Mtaa wa Ifunda, Magomeni, na sasa ni makumbusho. Harakati za kudai uhuru zilipata sehemu ya nguvu zake katika viwanja hivyo vipya.

Lakini viwanja vilivyopimwa vilikuwa vichache mno. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu katika mji watu wasiozidi 130,000, na ya mwaka 1978 ikakuta 843,000. Mgeni aliyekosa kiwanja cha serikali alikwenda kwa mwenye shamba, Manzese au Keko, Buguruni au Tandika, akapimiwa eneo kwa hatua za miguu. Baada ya ardhi yote kuwa mali ya umma, na hati za umilikaji wa kudumu kufutwa mwaka 1963, ardhi yenyewe haikuweza kuuzwa kisheria. Kilichouzwa kwenye karatasi ni maendelezo: minazi mitatu, mwembe mmoja, kibanda. Makubaliano yaliandikwa mbele ya mashahidi, na TANU ilipoanzisha mfumo wa nyumba kumi kumi katikati ya miaka ya 1960, balozi ndiye aliyeyashuhudia. Utaratibu huo haukuwa wa kisheria, lakini ulikuwa na mpangilio wake, na majirani waliuheshimu kuliko jalada lolote la ofisini.

Nyumba iliyojengwa juu ya eneo hilo ilikuwa karibu ileile kila mahali: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani penye jiko, choo na bafu. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Kodi ya chumba kimoja ilinunua mabati ya kuezekea kingine. Mtindo huo wa kujenga kidogo kidogo, bila mkopo wa benki, ndio uliowapa makazi wakazi wengi wa Dar es Salaam, na historia yoyote ya mipango miji isiyoanza na ukweli huo inakosea mahesabu.

Serikali huru ilianza kwa kutaka kuyaondoa makazi ya aina hiyo. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na katika muongo huo lilibomoa nyumba za udongo katika mitaa kama Magomeni na kuweka za matofali. Nia ilikuwa njema, ila sehemu kubwa ya nyumba mpya ilifidia tu zilizobomolewa, huku mji ukiongezeka kila mwaka. Mpango Kabambe uliotayarishwa mwaka 1968 na kampuni ya Project Planning Associates ya Kanada ulichora mji mpana wenye barabara kubwa na vitongoji vilivyopangika, na mwingine ukafuata mwaka 1979, nao kutoka Kanada. Michoro hiyo ilikuwa mizuri. Fedha za kuitekeleza hazikuwapo.

Mwaka 1972 serikali ilibadili msimamo, na badiliko hilo linastahili kukumbukwa kuliko ramani zote mbili za Kanada. Bomoabomoa ya makazi yasiyopangwa iliachwa. Iliamuliwa kwamba nyumba ya mtu maskini ni mali yenye thamani kwa taifa, na kwamba penye watu tayari ipelekwe huduma, na pasipo na watu vipimwe viwanja vyenye barabara na maji ili wananchi wajijengee. Benki ya Nyumba Tanzania iliundwa ili kukopesha wajenzi, na mwaka 1974 Benki ya Dunia ikakubali kugharimia awamu ya kwanza ya mpango huo. Manzese, ambayo ilikuwa miongoni mwa makazi makubwa yasiyopangwa nchini, ilikatiwa barabara, ikapata mabomba ya maji ya mtaa, taa, shule na zahanati. Nyumba zilizoangukia kwenye njia za barabara ziliondolewa, na karibu na hapo Sinza ikapimwa, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Awamu ya pili iligusa Mtoni na Tandika upande wa Temeke, na viwanja vikapimwa Tabata na Mbagala.

Sinza inaonyesha mafanikio na kasoro za mpango ule kwa pamoja. Viwanja vilikuwa vidogo kwa makusudi, ili mtu wa kipato cha chini amudu. Lakini masharti ya ujenzi na ya mkopo yalimtaka mtu mwenye mshahara wa uhakika, na fundi au mchuuzi hakuwa nao. Wengi waliopewa viwanja waliviuza kwa watumishi na wafanyabiashara. Miaka michache baadaye Sinza ilikuwa mtaa wa watu wa kipato cha kati, kisha mtaa wa maduka, baa na nyumba za wageni. Hata hivyo barabara zilizochorwa mwaka 1974 zipo, gari la zimamoto linaingia, na mtu anaweza kuelekezwa nyumba kwa mtaa na namba. Kuvuka Barabara ya Shekilango kuelekea Manzese na Tandale kunatosha kuonyesha tofauti hiyo ina thamani gani.

Mpango ulikwama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na kuanguka kwa bei za mazao vilikausha hazina. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1972, serikali za mitaa zilikuwa zimefutwa chini ya sera ya Madaraka Mikoani, na jiji likagawanywa katika wilaya tatu za Kinondoni, Ilala na Temeke zilizosimamiwa kutoka serikali kuu. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978, lakini zilirudi bila magari, bila wapima wa kutosha na bila mapato. Mifereji ilizibwa na taka, na barabara za Manzese zikaanza kuliwa na mvua.

Katika pengo hilo wakazi walijipanga wenyewe. Tabata walikwenda Mahakama Kuu kulipinga dampo la jiji lililokuwa likiwavutisha moshi mchana na usiku, wakashinda mwaka 1988, ingawa iliwachukua miaka zaidi kuona limefungwa. Huko Hanna Nassif, mtaa wa Kinondoni unaoteremka kuelekea bonde la Msimbazi, tatizo lilikuwa maji. Kila masika yalipita ndani ya nyumba, vyoo vya shimo vikafurika, na kipindupindu kikafuata. Wakazi waliunda chama chao cha maendeleo mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati jiji lilipokuwa limeanza mpango wa Dar es Salaam Endelevu kwa msaada wa Umoja wa Mataifa.

Kazi ya Hanna Nassif iliungwa mkono na Shirika la Kazi Duniani, UNDP na Ford Foundation, huku wataalamu wa Chuo cha Ardhi wakishauri. Jambo lililoitofautisha na miradi iliyotangulia ni mkataba. Chama cha wakazi ndicho kilichokuwa mkandarasi wa sehemu za kazi. Mitaro ya mawe na barabara za kokoto zilijengwa kwa sururu, majembe na matoroli, na vibarua walitoka mtaani humohumo, wanawake wakiwa wengi miongoni mwao, wakilipwa ujira. Wenye nyumba waliachia vipande vya ardhi ili mtaro upite, na mazungumzo ya nani asogeze ukuta na kwa kiasi gani yalifanyika baina ya majirani, bila tingatinga. Vioski vya maji vilijengwa, na makusanyo ya vioski pamoja na ushuru wa magari yaliyoingia mtaani yakatengwa kwa matengenezo.

Matokeo hayakuwa mazuri kwa kila mtu. Mtaa ulipokauka na kupitika, kodi za vyumba zilipanda, na baadhi ya wapangaji wakahamia mbali zaidi. Nyumba zilizoko chini kabisa, ukingoni mwa Msimbazi, hazikuokolewa na mtaro wowote. Lakini kwa mara ya kwanza katika eneo lisilopangwa la jiji, waliokuwa wakiishi mahali hapo walishiriki kuamua mfereji uanzie wapi na uishie wapi, na walijua nani wa kuuliza unapoziba. Kwa mizani hiyo Hanna Nassif inazidi miradi mikubwa mingi iliyoigharimu nchi fedha nyingi zaidi.

Halmashauri ya Jiji ilivunjwa mwaka 1996, na Tume iliyoongozwa na Charles Keenja ikashika usimamizi hadi mwaka 2000, zilipoundwa manispaa tatu za Kinondoni, Ilala na Temeke. Wakati huo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilikuwa imekwisha kuwatambua wakazi wa maeneo yasiyopangwa. Kuanzia mwaka 2004 nyumba zao zilihesabiwa kutoka mtaa hadi mtaa, na wamiliki wakapewa leseni za makazi. Leseni hiyo ni ya muda mfupi, haifikii hati ya miaka 33 au 99, lakini mama mwenye nyumba Mburahati alikuwa na karatasi ya serikali yenye jina lake, tena yenye namba ya nyumba.

Sambamba na leseni, mwaka 2002 Wizara ya Ardhi ilianzisha mradi wa viwanja 20,000 pembezoni mwa jiji. Kinondoni ilipata Bunju, Mbweni na Mivumoni. Temeke ilipata Tuangoma, Mtoni Kijichi, Kibada na Kisota. Fedha za kuanzia zilitoka Hazina na zilirejeshwa kwa mauzo ya viwanja, jambo ambalo miradi ya miaka ya 1970 haikuliweza. Walionunua, hata hivyo, walikuwa zaidi watu wenye uwezo, na viwanja vingi vilikaa miaka vikiota nyasi. Wakulima waliofidiwa walisogea mbele zaidi, wakauziana mashamba tena kwa hatua za miguu, na mchezo wa Manzese ya zamani ukaanza upya kilomita 25 kutoka mjini.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, mbali na shughuli zilizowapa riziki. Mwaka huohuo wanafunzi wa vyuo na vijana wa mtaani walipita Tandale na vifaa vya setilaiti mkononi, wakichora kila kichochoro, kila bomba na kila mtaro. Kazi hiyo ilikua na kuwa Ramani Huria mwaka 2015, ikihusisha kata nyingi zaidi zinazofurika. Mwaka 2015 pia Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 kwa mradi wa uendelezaji wa jiji, uliopeleka lami, mitaro na taa katika mitaa ya Kinondoni na Temeke ambayo ilikuwa ikisubiri tangu miaka ya 1970. Ubungo na Kigamboni zilikwisha kujitenga na kuwa wilaya zao wakati mkoa ulipohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022.

Kielelezo kimoja cha Temeke kinaonyesha kwamba mwendo huu wa nyumba kwanza, ramani baadaye unaweza kugeuzwa. Kaya zilizoondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari zilijiunga katika vikundi vya kuweka akiba, zikanunua kwa pamoja ekari 30 huko Chamazi, na kwa msaada wa shirika la Centre for Community Initiatives zikaomba manispaa ikubali viwanja vidogo kuliko vipimo vya kawaida. Barabara na maeneo ya huduma yalichorwa kabla ya tofali la kwanza kuwekwa, kisha nyumba zikajengwa chumba baada ya chumba kadiri akiba ilivyoruhusu. Kuzunguka ekari hizo, mashamba ya Chamazi bado yanakatwa na kuuzwa bila kuachwa njia. Mpima wa manispaa akitangulia huko na mawe ya mipaka ya barabara tu, hata kabla ya hati na kabla ya lami, kazi ambayo vizazi vijavyo vingelipia kwa kubomoa itakuwa imefanyika kwa gharama ndogo, nayo inapaswa kuanza sasa wakati ardhi ingali wazi.