Mng'aro Uzimwao na Hewa

Katika nyumba za Kotile, kusini mwa Kaunti ya Garissa karibu na Mto Tana, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya, chakula hupikwa kwa kuni na makaa, na makaa yanapowaka katika chumba kisichopitisha hewa hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo hushika damu mahali pa oksijeni na kumuua mtu akiwa usingizini. Njia ya kuiona hatari ya namna hiyo imetafutwa kwa muda mrefu, na tangu mwanzo imetafutwa kwa mwanga.

Kipimo cha kale kilikuwa moto wenyewe. Taa ya usalama aliyoibuni Humphry Davy nchini Uingereza mwaka 1815 ilizingira mwali kwa wavu wa waya, na mchimbaji wa makaa ya mawe akausoma: ukirefuka na kuvikwa ukungu wa buluu, methani ilikuwapo; ukififia, oksijeni ilikuwa imepungua. Kwa kabonimonoksaidi, hata hivyo, mwali ni shahidi mbaya, kwa kuwa kiasi kinachoua hakitoshi kuubadili, na jiko huendelea kuwaka huku likiua.

Njia nyingine ilitokana na luminesensi, yaani mwanga utokao katika kitu bila kutokana na joto lake. Mwaka 1852 George Stokes aliiita aina yake moja fluoresensi, akilitoa jina hilo katika fluospa, madini ambayo Kenya nayo iliyachimba kwa miaka mingi huko Kimwarer, katika Bonde la Kerio. Mwaka 1919 Otto Stern na Max Volmer walieleza kwa hesabu jinsi mng'aro unavyopungua kadiri chembe zinazouzima zinavyoongezeka, na katika miaka ya 1930 Hans Kautsky alionyesha kwamba oksijeni yenyewe ni mzimaji hodari. Hapo ndipo penye ajabu ya jambo hili: oksijeni ikipungua mwali hufa, ilhali rangi ing'aayo huzidi kung'aa. Kwa kanuni hiyo mtafiti aitwaye Bergman alitangaza mwaka 1968, katika jarida la Nature, kipimaji cha oksijeni ya hewani.

Kabonimonoksaidi ilihitaji kemia yake. Mwaka 2012 watafiti Michel, Lippert na Chang, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, walichapisha habari za kampaundi yenye metali ya paladi ambayo huanza kung'aa ikutanapo na gesi hiyo. Lakini iliundwa kwa ajili ya seli hai ndani ya maji, na hewa ya chumba chenye jiko ni mahali pengine kabisa.