Hasheem Thabeet na Mzigo wa Nafasi ya Pili

Usiku wa Juni 25, 2009, mjini New York, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3 aliitwa jukwaani akiwa wa pili kati ya wachezaji wapya wote waliochaguliwa na timu za ligi ya NBA. Memphis Grizzlies ndiyo iliyomchukua Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. James Harden aliitwa wa tatu. Stephen Curry alisubiri hadi nafasi ya saba.

Tangu hapo, ndugu msikilizaji, kila Wamarekani wanapoorodhesha wachezaji waliotarajiwa makubwa wakaleta madogo, jina la kijana wetu halikosekani. Mimi naiona hukumu hiyo kuwa ya haraka mno.

Hasheem alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15. Kijana wa Marekani anayefika NBA huwa ameushika tangu shule ya msingi. Wasikilizaji wa Same wanalielewa hili bila mhadhara. Panda Chome au Suji utafute mahali tambarare panapotosha kiwanja! Mpira ukitoka nje, umeshafika bondeni kwenye migomba. Na huo ni mpira wa miguu. Hicho kikapu chenyewe wapo wanaokiona mara ya kwanza wakiwa sekondari.

Kwa kuchelewa huko, aliyoyafanya Chuo Kikuu cha Connecticut kati ya 2006 na 2009 ni makubwa. Alisimama chini ya goli kama mnazi, na waliothubutu kurusha karibu naye walirudishiwa mpira wao. Katika mchezo mmoja dhidi ya Providence, mwaka 2009, alifunga pointi 15, akadaka mipira 11 iliyodunda kutoka golini na kuzuia mirusho 10. Mara mbili, 2008 na 2009, alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East.

Sasa, NBA ina kanuni ambayo vyuoni haikuwapo. Mlinzi haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde 3 katika eneo la chini ya goli kama hamkabi mtu kwa karibu. Mnazi ukatakiwa utembee! Tena Memphis ilikuwa na Marc Gasol, mchezaji wa nafasi ileile, aliyekwisha kukomaa Hispania. Hasheem akapata dakika chache, na Februari 2010 akapelekwa Dakota, kwenye ligi ya chini, akajifunze. Nani hujifunza kuogelea kwa kutolewa majini?

Alihamia Houston mwaka 2011, Portland 2012, kisha Oklahoma City hadi 2014. Alicheza michezo 224 ya NBA kwa wastani wa pointi 2.2. Mwaka 2017 alikuwa Yokohama, Japani, na baadaye akaenda kucheza Taiwan.